Muhuri Uliopigwa Mstari

Sajenti alistaafu polisi akiwa na magoti mabovu na macho mazima. Miaka ishirini na minane alikaa kwenye dawati la nyaraka za kughushi, akipekua vyeti vya ndoa na hati za viwanja, na siku aliyorudisha kofia hakujua macho yale ayapeleke wapi. Mkewe alimvumilia mwezi mmoja. Alipomkuta anapima kwa rula saini iliyo kwenye kadi ya mwaliko wa harusi, akamwekea kompyuta mezani na kumwambia awatafute wezi wake humo, yeye amwache apike kwa amani.

Ndivyo alivyojiunga na ile ensaiklopidia ya mtandaoni inayoandikwa na kila mtu. Wenzake asiowajua hata sura wakampa zamu ya kukagua picha. Sheria ya pale ni fupi kuliko sala ya mwenye njaa: picha haikai mpaka aliyeipiga akubali kwa maandishi kwamba yeyote anaweza kuitumia. Si aliyepigwa, si mwenye albamu, si aliyeirithi. Aliyeipiga. Wengi hawalijui hilo. Hupakia picha ya babu yao, wakatia alama kwenye kisanduku cha "Kazi yangu mwenyewe", wakaenda zao kulala. Sajenti akiwakamata hubandika tangazo jekundu, na baada ya siku saba picha inafutwa.

Alhamisi asubuhi alipata ujumbe: "Mzee, umeniita mwizi wa picha ya mama yangu mzazi. Njoo uniambie mbele ya uso wangu. Nyuma ya posta, mlango wa tatu, penye cherehani."

Hakuwa amemwita mwizi. Alikuwa ameandika, kwa lugha ya ofisi ambayo hakuirudisha pamoja na kofia: "Mpakiaji anasema picha ni ya mwaka aliotimiza miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano hapigi picha za studio. Madai si ya kweli. Ifutwe Ijumaa saa kumi jioni." Aliyasoma tena maneno yake na hakuona kosa. Hata hivyo alitia kioo chake cha kukuzia mfukoni, akatoka.

*

Fundi cherehani alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, futi ya kupimia shingoni, pini kifuani. Hakuinuka. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya mashine, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo, na Sajenti alijua kwamba mtu hasemeshwi uzi ukiwa mbele ya tundu. Akasubiri. Uzi ukapita, ulimi ukarudi ndani.

"Wewe ndiye Sajenti?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nilidhani ni mrefu."

"Wengi hudhani hivyo. Ni kwa sababu ya ninavyoandika."

Mwanamke yule alitaka kutabasamu, akakumbuka kuwa amekasirika. "Toa hizo suruali kwenye kiti, ukae."

Sajenti akakaa, akatoa daftari. "Ile picha uliitoa wapi?"

"Kwenye sanduku la mama mdogo aliyenilea. Ni picha ya mama yangu, na mama yangu ni wangu. Kwenye skana nilisimama mwenyewe, nikaipakia kwa kidole changu hiki hapa. Mtandao ukaniuliza, ni kazi yako mwenyewe? Ulitaka niseme ya nani? Ya jirani?"

"Hawaulizi nani amepakia. Wanauliza nani alibonyeza kamera."

"Alibonyeza mara moja! Mtu kabonyeza mara moja, akaenda zake kunywa chai, leo miaka thelathini na nane baadaye ndiye mwenye mama yangu?"

"Mama ni wako. Picha ni yake. Na akifa inabaki ya warithi wake kwa miaka mingi."

"Hiyo sheria aliitunga nani, mpiga picha?"

Sajenti aliinamia daftari ili asionekane anacheka. Alipoinua kichwa, mwanamke alikuwa ametoa mguu kwenye pedali na mashine imenyamaza.

"Sikiliza, mzee wangu. Jumatatu hospitali wanafungua wodi mpya ya wazazi, na wanaipa jina la mama. Alikuwa mkunga hapa miaka kumi na saba. Kibao kinachorwa kesho jioni, kina nafasi ya uso. Lakini waliwahi kushtakiwa kwa ajili ya picha ya kalenda, sasa wanaogopa hata picha ya ua. Wamesema wataichukua ile ya kwenye ensaiklopidia, ikiwa haina doa. Wewe ukiifuta, kibao kitakuwa na jina tupu."

"Jina si kitu kidogo."

"Jina wanalo wote. Sipiti sokoni bila mtu kunishika mkono, ooh, mama yako alinizalisha, ooh, uso wa kwanza kuuona duniani ulikuwa wake. Wanakuja na wajukuu wao kunionyesha. Mimi alikufa nina miaka saba. Unajua namkumbukaje? Mgongo. Gauni jeupe, mkoba, anatoka mlangoni kwenda kwa watoto wa wenzake. Uso wake ninao huo mmoja tu." Alichomoa pini kifuani, akairudisha palepale. "Na humo anacheka. Mama mdogo anasema hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Miaka yote najiuliza huyo mpiga picha alimwambia nini, hata akapewa kicheko ambacho mimi mwanawe sikukiona."

Sajenti akafanya kama alivyozoea kazini, akaomba kielelezo. "Nionyeshe nakala yenyewe."

Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja. Mkunga ameketi kwenye stuli na sare yake, kichwa amekirudisha nyuma kidogo, macho yamefinyika kwa kicheko. Sajenti hakukitazama kicheko. Alianza na pembe, kama alivyofundishwa. Picha imelalia kushoto. Sakafu imekula karibu theluthi nzima, na magoti ya mkunga yanaonekana makubwa kuliko kawaida, maana yake kamera ilikaa chini, chini sana. Kulia kuna ukingo wa kioo cha wateja cha kujitengenezea nywele, na ndani ya kioo kuna kitu cheusi. Akashusha kioo cha kukuzia juu ya kioo kile. Mikono ya mwanamume, imekunjwa kifuani. Mkononi kuna saa, na uso wake umegeuziwa ndani, upande wa mishipa.

"Huyu nani?"

Fundi cherehani aliinama akatazama, akashtuka. "Sijawahi kumwona."

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa natazama uso wa mama."

Sajenti akaigeuza picha. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio, mwezi na mwaka kwa penseli, na juu ya muhuri mstari mmoja wa wino wa bluu, umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nani kaupiga mstari huu?"

"Nimeukuta hivyo."

"Mama, nimeona mihuri mingi iliyokatwa. Anayekata muhuri wa mwenye mali huwa na sababu yake."

"Kwa hiyo sasa ni mwizi mara mbili."

"Nauliza tu."

"Basi uliza taratibu. Hapa si kituoni."

Alisema kweli, na Sajenti aliomba radhi. Lakini moyoni alishampata mshukiwa, tena mwingine kabisa. Ile studio ilifungwa siku nyingi, ila kijana aliyefundishwa kazi pale sasa alikuwa mtu mzima mwenye studio ya vioo kwenye barabara kuu, na kila mtu alijua anavyopenda kushtaki watu kwa ajili ya picha zake. Mwanafunzi mwenye tamaa, muhuri wa bwana wake umekatwa: Sajenti aliwahi kufunga majalada kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Alipiga simu akiwa palepale, akaweka spika.

"Picha ya mwaka gani?" sauti iliuliza. Sajenti akautaja. "Mwaka huo nilikuwa nafagia, mzee. Miaka mitatu nilifagia kabla ya kuruhusiwa kugusa hata mfuniko wa lenzi. Muhuri una nini?"

"Umepigwa mstari."

"Mmoja au miwili?"

"Mmoja."

"Basi si yangu wala si ya mzee aliyenifundisha. Mzee aligonga mihuri kwa mazoea, karatasi zikikauka. Akigundua kwamba picha fulani haikupigwa kwa mkono wake, anaukata kwa mstari mmoja. Hakutia muhuri wake kwenye kazi ya mtu, hata kwa bahati mbaya. Kamuulize mwenyewe, bado yupo, anaishi kwa binti yake karibu na mnara wa maji. Macho ndiyo yamekwisha. Kumbukumbu, Mungu akusaidie, anakumbuka hadi vumbi nililoacha chini ya kabati."

Sajenti akakata simu, akamfuta mwanafunzi kwenye daftari. Mshukiwa wa kwanza ameondoka, na mwenye studio pia. Amebaki mtu wa tatu asiyejulikana, na siku moja na robo.

*

Ijumaa walikwenda pamoja, lakini Sajenti alimwacha fundi cherehani barazani. Shahidi hahojiwi mbele ya mwenye kesi. Akavua viatu mlangoni, akaingia sebuleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, askari."

"Umejuaje?"

"Umesimama kwanza ukatazama chumba chote ndipo ukasalimu. Mgeni wa kawaida husalimu kwanza." Mzee alicheka peke yake. Alikuwa mwembamba, macho yameingia ukungu, shati limepigwa pasi hadi kola. Na mkononi, uso ukiwa umegeukia upande wa mishipa, kulikuwa na saa.

Sajenti alijisikia kama zamani, pale wino wa saini mbili unapokubaliana. "Saa yako umeigeuza, mzee."

"Ni kazi iliyonigeuzia, mwanangu. Kioo cha saa humpiga mteja mwanga machoni. Sasa hata majira yenyewe siyaoni, lakini mkono umeshazoea."

"Nimekuja na picha. Wewe umo, ndani ya kioo cha wateja. Umekunja mikono, na aliyekunja mikono hawezi kuwa ndiye anayebonyeza kamera. Nataka kujua ni nani."

Mzee alinyoosha kiganja, akapewa picha. Hakuielekeza machoni. Aliigeuza, akapitisha ukucha wa kidole gumba mgongoni mwake, polepole, mpaka ukucha ukaudaka mfereji mdogo uliochimbwa na kalamu. Uso wake wote ukalegea.

"Mkunga," alisema.

"Ndiye."

"Huyu binti aliyekufungulia mlango, mkunga yule ndiye aliyemtoa tumboni, miguu ikitangulia. Nilimwambia picha zako kwangu ni bure mpaka nife. Akaja mara moja tu, hospitali walipotaka picha ya jalada. Alikuwa na nusu saa kabla ya zamu. Nikampiga ile ya jalada, amenuna kama hakimu. Nikasema tayari, nenda. Lakini alikuja na katoto kake ka kike, na katoto kakashika miguu ya stendi, hakaachi. Kanataka na kenyewe kapige."

"Ukakaruhusu?"

"Mimi? Ile kamera nilikuwa siiazimishi hata kwa ndugu! Nilimwambia mama, zamu yako inakuita, mchukue mwanao. Akarudi kwenye stuli, akakaa." Mzee aliisawazisha picha juu ya goti. "Akaniambia, 'Mwache. Huyu hunisubiri mlangoni kila siku ya Mungu. Leo na mimi nimsubiri yeye.'"

Sajenti alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuandika.

"Basi nikaishusha stendi mpaka mwisho. Taa zilikuwa tayari, lenzi niliilenga mimi, nikakapa ule waya wa kubonyezea, nikasogea kando nikakunja mikono yangu ili isije ikaingilia. Kakachukua muda, Bwana wee! Kakatazama lenzi, kakatazama mama yake, kakaupindisha uso, kakatoa ulimi nje hivi, pembeni, kama fundi mkuu. Mama yake akashindwa. Nimepiga watu miaka arobaini sijaona mtu akicheka namna ile. Na hapohapo kakabonyeza."

"Mzee, kumbukumbu yako naiamini. Watu wa mtandaoni watataka karatasi."

"Umeniona mimi mtu asiye na karatasi?"

Akaita, na binti yake akaleta debe la biskuti lenye madaftari. Sajenti alitafuta mwaka, mwezi, akafika. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka: *Mkunga, picha mbili. Ya kwanza nimepiga mimi. Ya pili amepiga mwanawe.* Alipima wino, alipima mwandiko wa mistari ya juu na ya chini, akatafuta ukurasa uliochanwa au neno lililoongezwa. Hakuna. Lilikuwa daftari safi kuliko yote aliyowahi kuyapekua.

"Kwa nini ulikata muhuri kwa mstari? Ungeweza kuchapa nakala nyingine."

"Kuchapa nyingine ni kuficha. Mstari ni kukiri kwamba niligonga na nilikosea, na atakayekuja asome." Mzee alirudisha picha. "Kale katoto kakawa nani?"

"Kako hapo barazani."

Fundi cherehani aliingia akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Sajenti alikuwa ametoa habari mbaya milangoni mwa watu kwa miaka mingi, na alijua namna ya kusimama wakati wa kuzitoa. Kwa habari ya namna hii hakuwa na mkao. Akamweleza tu, moja baada ya jingine: mikono iliyokunjwa, stendi iliyoshushwa, daftari, stuli, na maneno ya mama yake kama yalivyosemwa. Aliyarudia mara mbili, maana mara ya kwanza mwanamke alisema, "Eti?"

"Sikumbuki," alisema hatimaye. "Mzee, wallahi sikumbuki hata kidogo."

"Ulikuwa na kazi," mpiga picha akamjibu. "Mwenye kazi hakumbuki. Bado unatoa ulimi?"

"Ulimi gani?"

"Jana ulitoa," Sajenti akasema, "ulipokuwa unatunga uzi."

Alijishika mdomo. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, palepale alipokuwa, na akalia kama mtu aliyeusubiri mlango miaka thelathini na nane ndipo ukafunguliwa. Hakuna aliyemharakisha. Binti wa mzee alileta maji, akakaa naye.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Sajenti alifungua kompyuta aliyokuja nayo juu ya meza ya chai, akarudi kwenye utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio aliokuwa nao wa kumpa. Mzee aliweka dole gumba na saini kwenye tamko: picha aliipiga mtoto wa mkunga, na kama katika kuzipanga taa na kuilenga lenzi kuna punje ya haki yake, ameiachilia pia. Ukurasa wa daftari ukapigwa picha, ukaambatishwa.

"Sasa wewe, mama. Usitie saini kwa sababu ya machozi. Ukiitoa kwa leseni hii hairudi tena. Mtu yeyote anaweza kuinakili, kuikata, kuitia rangi, hata kuiuza."

"Hata kuiweka kwenye sabuni?"

"Kwa upande wa picha, hata kwenye sabuni. Sharti ni moja: wakutaje wewe uliyeipiga."

Alifikiri, akifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Alikuwa wa watu wote hata akiwa hai. Waacheni wamchukue." Akavuta kompyuta karibu. "Lakini wanitaje."

Wakati akiitafuta kibodi, Sajenti alitumia simu yake kufungua ukurasa wa majadiliano. Maneno yake yalikuwa palepale: *Mtoto wa miaka mitano hapigi picha za studio.* Angeweza kuyafuta yasionekane. Aliyapiga mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na chini yake akaandika: "Nilikosea. Vielelezo vimeambatishwa." Kisha akaondoa tangazo jekundu. Saa kumi kasoro dakika ishirini.

Mezani fundi cherehani alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, uso umepinda, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. *Mpiga picha: binti yake.* Sajenti alimtazama, na kicheko kikampanda kabla hajakizuia, akajikuta ameketi mahali pa yule mwanamke wa kwenye stuli.

"Na hapa chini?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Hiki kisanduku cha 'Kazi yangu mwenyewe'?"

"Hicho ulishakitia alama wiki iliyopita," Sajenti akasema. "Kiache kilivyo."